Somo: Mlo wa Kiayalandi wa sikukuu nyumbani (watu wanane)

Habari zenu ndugu zangu. Wengi mmeniomba nieleze ninachopika hapa Cork, Ayalandi, kila tarehe 17 Machi, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ndugu wa mume wangu wanapojaa nyumbani. Ni vitu vitatu: mchuzi wa kondoo, viazi vya kuponda na majani, na mkate wa magadi. Mwalimu wangu ni mama mkwe, mwenyeji wa Kerry, na nimejifunza kwa kusimama naye jikoni.

Kabla hatujawasha moto niseme hili. Sisi wa pwani sikukuu bila iliki na mdalasini tunaona haijafika. Hapa viungo ni chumvi na pilipili manga, basi. Ladha inatoka kwenye mfupa, kiazi, siagi na muda. Ukitia bizari utapata chakula kitamu, lakini kitakuwa kingine. Naomba mara ya kwanza mpike kama kilivyo.

MCHUZI WA KONDOO

Nyama ya shingo au bega, na mifupa yake, kilo 1 na nusu. Viazi kilo 1 na nusu. Vitunguu maji 4 vikubwa. Karoti 4 ukipenda. Wapo wazee wasiotaka kuiona karoti humu kabisa.

1. Usikaange nyama. Mchuzi huu ni mweupe.

2. Gawa viazi mafungu mawili. Nusu vikate vyembamba, uvitandaze chini ya sufuria. Hivi vitayeyuka na kufanya mchuzi uwe mzito karibu kama mtori, bila unga wowote.

3. Juu yake panga nyama, vitunguu, karoti, chumvi na pilipili manga. Malizia na viazi vilivyobaki, vikubwa vikubwa.

4. Mimina maji yafike chini kidogo ya viazi vya juu. Yakichemka, punguza moto mpaka uone povu dogo linapanda pembeni tu, kisha funika. Saa mbili, kondoo mzee ongeza nusu saa. Usikoroge. Ukikoroga, viazi vya juu vitavunjika.

5. Epua, engua mafuta yaliyoelea, nyunyiza kotmiri ya kizungu.

VIAZI VYA KUPONDA NA MAJANI

Jina lake ni colcannon. Majani yenyewe ni ya jamii ya sukuma wiki, na kabichi pia inafaa. Viazi kilo 1 na nusu, majani robo kilo, siagi gramu 150, maziwa ya moto kikombe kimoja, vitunguu vya majani fungu moja.

Kiazi hapa hakifanyiwi haraka. Chagua cha unga, kile kinachopasuka ngozi kikiiva. Vya majimaji vitakuwa gundi. Vichemshe na maganda yake, mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo sana, tandika kitambaa kikavu juu ya viazi, funika dakika tano. Kitambaa kinakunywa mvuke. Mama mkwe hajawahi kuiruka hatua hii hata siku moja, na mtu anayejua nchi hii imepitia nini hashangai. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa uliozesha viazi shambani. Watu wapatao milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakahama. Mezani kwake kiazi hakitupwi.

Menya vingali vya moto na uponde. Chemsha vitunguu vya majani ndani ya maziwa, mimina. Majani yachemshwe peke yake, yakamuliwe, yakatwe, yachanganywe. Pakua kama kilima, chimba kishimo katikati, jaza siagi. Kila mtu anachota kutoka pembeni na kuchovya kwenye siagi. Mwisho wa Oktoba, usiku wa Samhain (ndiyo Halloween), wengine huficha pete humu. Atakayeipata, inasemwa ataoa au kuolewa mwaka huo.

MKATE WA MAGADI

Unga wa ngano gramu 450 (nusu yake ukiwa atta ni bora), magadi soda ya pakiti kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, chumvi kijiko kimoja cha chai, maziwa ya mtindi mwembamba mililita 350 hadi 400.

Washa oveni kwanza, nyuzi 220. Nasisitiza kwa sababu mkate wangu wa kwanza niliuacha uumuke saa nzima kama wa hamira, ukatoka umelala. Magadi yakikutana na uchachu wa mtindi hewa inatoka hapo hapo, haikungoji. Changanya kwa vidole vilivyopanuliwa, usikande. Viringisha, ubonyeze kidogo, kata msalaba wa kina ili katikati paive. Dakika 15, halafu teremsha hadi 200, dakika 25 au 30. Ugeuze, ugonge tumboni kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva. Uvike kitambaa ili ganda lilainike.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Shikamoo dada. Sina oveni, mkate nitauachaje?
Marahaba mdogo wangu. Usiuache! Bibi zao hawakuwa na oveni. Waliokea kwenye chungu cha chuma chenye kifuniko, moto chini na makaa juu. Ndiko kupalia kwetu. Paka sufuria nzito unga, makaa mengi yawe juu kuliko chini.

Muscat: Sisi hatugusi nguruwe wala pombe. Humu hamna?
Hamna, na nyumbani kwangu pia havipikwi. Bia nyeusi hutiwa kwenye mchuzi wa ng'ombe, ambao ni chakula kingine. Nguruwe wa chumvi na kabichi ndio mlo wa siku hii katika nyumba nyingi hapa. Mimi naweka kondoo na hakuna aliyelalamika.

Minneapolis: Huku Marekani siku hiyo wanapika nyama ya ng'ombe ya chumvi.
Kweli. Wahamiaji walipofika miji kama New York waliipata hiyo kwa urahisi kuliko nguruwe wao wa nyumbani, ikawa desturi ya huko.

Nakuru: Bekingi poda badala ya magadi?
Mkate utaumuka, ila ladha itapotea. Kama huna mtindi, tia ndimu vijiko viwili vya mezani kwenye maziwa mililita 375, ngoja dakika kumi.

Mombasa: Mbuzi je?
Anafaa sana. Mpe saa nzima ya ziada, na viazi vya juu utie mwishoni, dakika 40 kabla ya kuepua.