Mnataka kujenga mahakama? Anzeni na masjala, ramani baadaye

Kosa ninaloliona sana ni hili, mahakama ya wilaya ina mahakimu wanne basi zinachorwa kumbi nne, miaka sita haijaisha hakimu wa tano anasikilizia kesi chemba (ofisini kwake), mlango wazi kwa sababu ya joto, na binti aliyebakwa anaeleza yaliyompata huku watu wanapita. Inauma jamani.

Kwahiyo fungueni rejista za masjala (ofisi ya kufungulia kesi na kutunza majalada) za miaka kumi nyuma, muone yamefunguliwa mashauri mangapi kila mwaka, jinai peke yake, madai peke yake, mirathi peke yake. Tuseme mnapokea 1,200 kwa mwaka na hakimu mmoja anamaliza 260, hapo ni mahakimu watano. Sensa ya 2022 ilionyesha Watanzania wanaongezeka 3.2% kwa mwaka, kesi nazo zikiongezeka hivyohivyo, baada ya miaka 20 mko kwenye 2,250, yaani mahakimu tisa. Alafu nendeni halmashauri mkaulize kama kuna lami inakuja, mgodi au mpango wa kugawa wilaya, maana mji ukichangamka kesi zinapanda haraka kuliko sensa.

Ila mahakimu tisa sio lazima kumbi tisa. Mirathi isiyo na pingamizi inaisha chemba, kesi ya kutajwa tu (inayopangiwa tarehe, haisikilizwi ushahidi) inaweza kwenda kwa video mshtakiwa akiwa hukohuko gerezani. Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki vilivyofunguliwa 2021 (Arusha, Dodoma, Morogoro, Mwanza, Kinondoni na Temeke) viliweka ngazi mbalimbali za mahakama jengo moja pamoja na ofisi za wadau kama mawakili na waendesha mashtaka, mimi naona hii ndo njia nzuri mjini.

Kitu cha kukomalia ni njia. Hakimu awe na yake, mahabusu wakishuka kwenye karandinga wawe na yao mpaka kizimbani, wananchi yao, na shahidi asikae benchi moja na ndugu wa mshtakiwa. Chumba unaweza kuongeza baadaye, njia huwezi bila kubomoa. Na chumba cha vielelezo kiwe kikubwa, majalada yanahamia kwenye mfumo wa kompyuta lakini panga na pikipiki haviskaniki.

Kiwanja chukueni cha kutosha awamu ya pili, msingi ubebe ghorofa, na hati itoke sasa na uzio ujengwe, maana eneo la serikali likikaa wazi mtakuta vibanda vimeshajaa.