Somo: Godoro linalolowa chini, na matengenezo mengine ya hema la juu ya gari

Hema langu nililinunua mkononi. Ni lile la kukunjua, linalolala juu ya keria kama kitabu kilichofungwa, na ukilifungua nusu ya sakafu inatoka nje ya gari na kushikiliwa na ngazi. Aliyeniuzia aliapa kwamba halivuji. Mwezi wa saba tukapanda Newala, tukalala si mbali na Shimo la Mungu, pale asubuhi unapotazama chini na kuliona bonde la Ruvuma limejaa ukungu. Nilipoinua godoro ili nikunje, mkono ukatoka umelowa. Ubao wa sakafu ulikuwa unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, na umbo la mgongo wangu limejichora pale pale. Na mvua haikunyesha. Huku kusini, mwezi wa saba, mvua ya nini?

Nikamlaumu aliyeniuzia. Niliporudi Mtwara nikapaka silikoni kila mshono, tyubu mbili nzima. Safari iliyofuata maji yako pale pale. Ndipo nikafanya nilichotakiwa kuanza nacho: nikalikunjua hema uani, nikalimwagia ndoo tano, nikaingia ndani na tochi. Kavu kabisa. Sasa kama maji hayaingii kutoka nje, yanatoka wapi? Yanatoka kwetu wenyewe. Usiku kucha tunapumua na kutoka jasho, mvuke unapenya sponji ya godoro kwenda chini, unakutana na ubao uliopozwa na upepo unaopita kati ya hema na paa la gari, unageuka maji. Ni kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho mezani. Yule bwana sikumwomba radhi mpaka leo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza hapa chini ndiyo somo lenyewe. Zilizobaki unaweza kuzifanya Jumamosi moja.

Hatua ya 1: Lipe godoro hewa kwa chini

Nilianza na mkeka wa ukindu, kwa sababu ulikuwepo nyumbani. Usinifuate. Ukindu unakunywa maji na hauyaachii. Wiki mbili tu hema zima likanuka kama stoo ya korosho zilizonyeshewa. Nikajaribu mkeka wa plastiki. Huo haunywi maji, lakini unalala bapa, kwa hiyo maji yakabaki yamebanwa kati yake na ubao.

Kinachotakiwa ni kitu kigumu, kisichonywa maji, chenye matundu, kitakachoacha nafasi ya kama sentimita moja hata ukishalala. Nilikipata kwenye duka la pembejeo: neti ngumu ya plastiki, ile wanayozungushia banda la kuku.

Kata matabaka matatu yenye ukubwa wa godoro. La kati lizungushe kidogo ili matundu yake yasilingane na ya wenzake, maana yakilingana yanaingiliana na unapoteza unene. Yashone pamoja kwa mshipi wa kuvulia, fundo moja kila shubiri. Halafu pitisha mshumaa haraka haraka kwenye kingo ulizokata, ncha ziyeyuke na kuwa butu. Mimi niliruka kazi hiyo, na foronya ya godoro ikatoboka mara ya kwanza tu.

Kama hema lako linakunjwa katikati kama langu, neti ikatwe vipande viwili na uache vidole vitatu wazi kwenye bawaba. Ukiiweka nzima itajikunja hapo, ikuzuie kufunga, na ukilazimisha utang'oa bawaba.

Na dirisha. Najua utafunga yote kwa sababu ya baridi au mbu. Funga turubai, acha neti ya mbu, na madirisha mawili yanayotazamana uyaache wazi upana wa kiganja kwa juu. Bila hewa kupita, neti ya kuku peke yake haitoshi.

Tuliporudi Newala ubao ulikuwa na unyevunyevu kwenye pembe, na kufika saa tatu asubuhi ulikuwa umekauka. Sidai kwamba jasho limekwisha. Ila godoro haliloani tena.

Hatua ya 2: Chumvi

Ukiishi Shangani au Mikindani hii unaijua: hata bawaba za mlango wa jikoni hazidumu. Hema lililokaa juu ya gari mwaka mzima linakula upepo wa bahari usiku na mchana, na vinavyotangulia kufa ni boliti za kulishikiza kwenye keria, ambazo ndizo hutaki zife ukiwa mwendoni.

Toa boliti moja baada ya nyingine (usizifungue zote kwa pamoja, tafadhali) na uweke za chuma kisichoshika kutu, zile mafundi wanaziita stenlesi, pamoja na nati zenye duara la plastiki ndani. Paka grisi kwenye meno kabla ya kukaza. Stenlesi kwa stenlesi bila grisi zinaweza kung'ang'aniana katikati ya kukaza, zisiende mbele wala kurudi nyuma. Na mahali boliti inapogusa reli ya alumini weka washa ya plastiki, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi, alumini inaliwa.

Ukishakaza, chora mstari kwa rangi ya kucha kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Kila unaposimama, tazama tu: mstari ukivunjika, nati imezunguka. Rangi hiyo niliiazima kwa mke wangu bila ruhusa, nyekundu. Sasa ana chupa yake na mimi nina yangu.

Zipu: zisuuze kwa maji baridi, zikauke, kisha sugua meno kwa mshumaa mkavu. Usiweke mafuta ya kupikia wala ya injini. Yanashika mchanga, na mchanga ndio msasa wenyewe.

Hatua ya 3: Tyubu ya baiskeli dhidi ya kusi

Kusi likivuma, turubai ya nje inapiga usiku kucha kama tanga lililolegea. Nenda kwa fundi baiskeli, omba tyubu iliyokufa, kata vipete vyenye upana wa vidole viwili, kisha funga kimoja kati ya kila kamba na ndoano yake. Upepo ukivuta, mpira unavutika badala ya mshono. Kwenye fimbo za chuma za madirisha, vika kipande cha tyubu pale fimbo inapogusa turubai. Kelele inapungua na turubai haitoboki.

Hatua ya 4: Ngazi

Kwenye mchanga wa Msimbati miguu ya ngazi inazama, na kwa kuwa ngazi ndiyo inayobeba nusu ya sakafu, asubuhi unajikuta umeviringikia upande mmoja na mwenzako yuko juu yako. Kata vipande viwili vya ubao, sentimita 30 kwa 30, uviweke chini ya miguu. Chupa ya maji iliyojaa nusu, ukiilaza sakafuni, ndiyo pimamaji yako. Vidato vya duara vinaumiza nyayo. Pasua mpira wa maji wa bustani kwa urefu, uvivike, funga kwa waya mwembamba kwa upande wa chini.

Hatua ya 5: Taa

Taa ya mkanda ya volti 12, yenye mwanga wa njano. Nyeupe inaita wadudu wote wa wilaya. Fyuzi ya ampia 5 iwe karibu na betri, siyo karibu na taa, kwa sababu fyuzi inalinda waya, na waya usio na fyuzi ukichubuka kwenye bati ndio moto.

MASWALI

*Kutoka Masasi:* Kaka, asante kwa somo. Mimi nina Noah. Kitabu kinasema paa libebe kilo 75 tu. Hema ni kilo 60. Sasa mimi, mama watoto na mtoto tukipanda si tunalibonyeza paa?

Swali zuri, na wengi linawachanganya. Hiyo namba ya kitabuni ni ya gari likitembea, likipiga kona, likifunga breki, likiruka mashimo. Gari likisimama paa linabeba zaidi ya hapo kwa mbali, na ngazi inachukua sehemu ya uzito. Kwa hiyo hesabu yako ya barabarani ni hema kilo 60 pamoja na keria yenyewe. Keria ikizidi kilo 15 umepita. Na ndani ya hema usiache mizigo unaposafiri, hata mablanketi yashushe. Angalia pia namba ya keria. Kuna keria zinazobeba pungufu ya paa.

*Kutoka Lindi mjini:* Langu limeshaota madoa meusi. Nimwagie jiki?

Usiguse jiki. Inadhoofisha uzi na kuondoa dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kwenye turubai. Chukua siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, paka kwa brashi laini, acha kama saa moja, suuza, anika mpaka likauke kabisa ndani na nje. Uvundo utakufa na harufu itaondoka. Madoa yenyewe yanaweza kubaki. Yangu yapo, nimeyazoea.

*Kutoka Kilwa Masoko:* Kwa nini usifunike tu na turubai la nailoni juu ya yote? Mvua haiingii, umande hauingii, umemaliza.

Na jasho halitoki. Ukilifunika kwa kulibana umerudi kule Newala nilikoanzia. Ukitaka turubai la ziada kipindi cha masika, litandaze juu kama paa la banda, liache shubiri mbili za hewa, pande ziwe wazi.

*Kutoka Tandahimba:* Shikamoo mwalimu. Mimi hema nalitumia shambani, nalinda korosho kuanzia mwezi wa kumi. Ila pia huwa nalala huko wakati wa kupuliza salfa. Zipu zote zimekufa ndani ya msimu mmoja. Nayo ni chumvi?

Marahaba. Hapana, hiyo ni salfa yako. Vumbi lake likikutana na umande linakuwa na ukali wa asidi, linakula zipu za chuma na macho ya kamba. Siku za kupuliza, lifunge hema kabisa na uliegeshe upande upepo unakotoka, mbali na mikorosho. Likishapata vumbi, likung'ute likiwa kavu kwanza, ndipo uoshe. Ukianza na maji unalisaidia. Zipu zikifika mwisho, mwambie fundi akuwekee za plastiki zenye meno makubwa. Na hata wakati wa kulinda, usiegeshe chini ya mkorosho wenyewe: bibo likidondokea turubai, doa lake halitoki.

*Kutoka Mikindani:* Mimi ni dada wa mifuko. Nimeshona mifuko ya viatu na simu kwenye ukuta wa hema kwa cherehani yangu, imependeza, ila sasa pale pale panadondosha maji. Nifumue?

Ungeniuliza kabla, dada yangu. Kila tundu la sindano ni mlango. Usifumue, matundu yatabaki yale yale. Paka dawa ya kuzibia mishono kwa nje, mara mbili, ya kwanza ikauke ndipo ya pili. Mifuko mingine ishone kwenye mkanda wa kitambaa na uuning'inize kwa vitanzi kwenye fremu, usiguse ukuta. Ile ya viatu iweke nje, karibu na ngazi, midomo ikielekea ndani, chini ya kivuli cha sakafu, maana kiatu cha mchanga kikiingia ndani zipu zako ndizo zitakazolipa.

*Kutoka Masasi tena:* Kaka, nimeweka neti matabaka matatu kama ulivyosema, sasa kava la nje halifungi. Godoro langu ni inchi tatu.

Godoro limeingia na hewa, ndiyo maana. Lifungue, lala juu yake nusu ya kwanza mpaka hewa itoke, kunja ukiwa bado umeligandamiza kwa magoti, halafu pitisha mikanda kabla ya kava. Likikataa bado, toa tabaka moja la neti. Usivute zipu ya kava kwa nguvu. Hiyo ndiyo zipu ndefu kuliko zote, na kuipata ya urefu huo huku kwetu nilisubiri mwezi mzima.