Sebule ndogo ya kupanga: kuanzia ukuta hadi mlangoni

Wengi wakihamia nyumba mpya huanzia Kariakoo: kochi, zulia, maua ya plastiki, fremu za ukutani. Kazi yangu ni kupaka rangi na kupanga sebule za watu hapa Dar es Salaam, na nakuomba uanzie kwingine. Anza na ukuta, kisha mwanga, kisha upepo. Hivyo vitatu vikikaa sawa, mgeni atakaa kwa raha hata ukimtandikia mkeka na mito miwili. Visipokaa sawa, hata kochi la bei gani halitaondoa joto wala harufu ya unyevu.

Nitatumia mfano wa sebule ya mita 3 kwa 4, dari mita 2.8, mlango mmoja na dirisha moja. Ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi kwenye "chumba na sebule" za kupanga.

Kabla hujagusa chochote, ongea na mwenye nyumba. Mweleze rangi unayotaka na mahali utakapotoboa. Akikubali gharama zikatwe kwenye kodi, andikianeni, hata kama ni karatasi moja ya daftari yenye sahihi mbili. Wakati mzuri wa kuyasema haya ni kabla hujamkabidhi kodi ya miezi sita.

Hatua ya 1: Upapase ukuta

Sogeza kila kitu katikati ya chumba. Pitisha kiganja ukutani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, pande zote nne. Unatafuta unga mweupe, malengelenge ya rangi, na weusi wa fangasi, hasa nyuma ya kabati.

Ule unga mweupe ni chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia tofali yakiwa yamebeba chumvi ya kwenye udongo, mchanga na sementi. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki. Nyumba iliyojengwa bila tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi itakusumbua kila masika.

Kuna mama mmoja wa Tabata aliniita kwa jambo hilihili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu nitazamie huu ukuta. Kila mwaka napaka, kila mwaka unachubuka."

Nikaingiza spachula chini ya lengelenge moja. Rangi ya mafuta ikabanduka kipande kizima, kikubwa kuliko sahani, na nyuma yake plasta ilikuwa imelowa, inamomonyoka kwa kidole, chumvi imeota juu yake kama manyoya. Aliyepaka kabla yangu alikuwa amefunika unyevu kwa rangi ya mafuta, ambayo haipitishi hewa. Maji yakikosa pa kutokea, huisukuma rangi hadi itoke. Yule mama alikuwa analipia kosa lilelile kila mwaka, na hakuna aliyemwambia.

Ukuta wa namna hiyo unatibiwa hivi. Kwangua rangi iliyolegea. Sugua chumvi kwa brashi kavu, uizoe, uitupe nje; usiioshe kwa maji, maana itayeyuka na kurudi ndani. Plasta inayomomonyoka ibomoe mpaka ufike kwenye tofali. Kisha tafuta maji yanatoka wapi: huenda udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu, au mfereji wa paa unavuja, au upande wa pili kuna bafu lenye bomba bovu. Usipopaka rangi kabla ya kujua chanzo, utakuwa umeokoa fedha nyingi.

Kujua kama ukuta umekauka, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, ukizibe kwa selotepu pande zote nne, ukiache hadi kesho. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, ukuta bado unatoa maji. Yakiwa upande unaotazama chumbani, tatizo ni hewa ya ndani, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Mpangaji hawezi kuvunja msingi wa nyumba ya mtu. Kama chanzo hakirekebishiki, sehemu ile ya chini ipake rangi ya maji isiyong'aa, au chokaa, ili ukuta upumue. Utaisugua na kuigusia mara kwa mara, lakini haitatoka malengelenge. Anayeishi kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe au Lamu, azingatie hili zaidi ya wengine wote: kuta zile zilijengwa kwa chokaa, na plasta ya sementi ikifuatiwa na rangi ya mafuta huzifungia unyevu ndani.

Fangasi ni rahisi zaidi. Changanya sehemu 1 ya jiki na sehemu 3 za maji, paka, acha dakika 15, suuza, acha pakauke. Vaa glovu, fungua madirisha. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Hatua ya 2: Paka rangi

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Kuta nne za chumba chetu zina mzunguko wa mita 14. Zidisha kwa urefu wa 2.8, unapata mita za mraba 39.2. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 35. Mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, ni 70. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, hivyo unahitaji lita 7: makopo mawili ya lita 4. Ukuta wenye plasta isiyolainishwa kwa puti hunywa zaidi. Fundi akikuambia ununue ndoo mbili za lita 20 kwa chumba hiki, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Ziba nyufa na matundu kwa puti, acha ikauke, piga msasa namba 120 na umalizie na 180 au 220, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Vumbi likibaki, rangi inashika vumbi badala ya ukuta. Pitisha praima, ile rangi ya chini ya kutangulizia, mkono mmoja, halafu rangi mikono miwili, ukiacha mkono wa kwanza ukauke kabisa. Plasta mpya ya sementi ingoje wiki nne ndipo uiguse. Na kama unaweza kuchagua, usipake katikati ya masika. Hewa imejaa maji na kazi ya siku mbili itakula wiki.

Kuhusu rangi yenyewe, mimi huwashauri watu waache nyeupe ya hospitali na waache pia zile rangi kali zinazopendeza kwenye simu. Krimu, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, rangi ya mchanga wa pwani, au udongo mwekundu uliofifia kwenye ukuta mmoja tu: hizi zinapokea ngozi zetu na mbao zetu vizuri. Dari iache nyeupe, chumba kitaonekana kirefu. Nunua kopo dogo kwanza, paka mraba wa nusu mita kwenye kuta mbili tofauti, uutazame asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwa imewaka. Rangi iliyokuvutia dukani inaweza kuwa kijani usiku.

Ukimaliza, andika namba ya rangi na tarehe kwenye mfuniko wa kopo, na ubakize kidogo.

Hatua ya 3: Badilisha taa

Hapa ndipo fedha ndogo inafanya kazi kubwa. Sebule nyingi zina taa moja katikati ya dari, nyeupe, kali, inayomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Soma pembeni ya boksi la taa: ikiandikwa 6500K, hiyo ni nyeupe ya ofisini. Tafuta 2700K au 3000K, ile mafundi umeme wanayoiita ya njano. Kwa taa za LED, wati 9 inatosha pale ilipokuwa ikitumika balbu ya zamani ya wati 60.

Kisha ongeza taa ya pili, chini, pembeni ya kochi. Mwanga unaotoka ubavuni ndio unaolainisha chumba. Kifuniko chake unaweza kukipata kwenye kikapu cha ukili: kigeuze, toboa katikati ya kitako, pitisha waya na kishikio cha taa, na mwanga utachora mistari ya ususi ukutani. Hii ni kwa LED pekee. Balbu ya kizamani inachoma ukili. Waya wa ekstensheni usiupitishe chini ya zulia, na kazi yoyote ya ndani ya ukuta mpe fundi umeme. Wati 9 kwa saa tano kila usiku, mwezi mzima haifiki uniti moja na nusu za LUKU.

Hatua ya 4: Dirisha na pazia

Kwanza osha nyavu za mbu. Zikijaa vumbi hazipitishi upepo, na wengi hukimbilia kununua feni wakati dirisha limeziba tu. Kisha jua upepo wako: kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi, na kusi hushika sehemu kubwa ya miezi iliyobaki. Dirisha linaloupokea upepo lisiwekewe kabati mbele.

Bomba la pazia lifunge sentimita 15 hadi 20 juu ya dirisha, na lizidi sentimita 20 kila upande. Dirisha la mita 1.5 linahitaji bomba la mita 1.9, na kitambaa kiwe mara mbili ya hapo ili kiwe na mikunjo: kama mita 4. Vitambaa vingi vya pazia vina upana wa mita 2.8, kwa hiyo upana huo ndio unakuwa urefu, na fundi cherehani hana haja ya kuunga. Pazia liishie sentimita 1 au 2 juu ya sakafu. Nyuma yake weka shela nyepesi, mchana unafungua pazia zito na kuacha shela icheze na upepo. Dirisha linalotazama magharibi ndilo linalostahili kitambaa kizito, maana jua la saa kumi ndilo linalopika chumba.

Hatua ya 5: Pa kukaa

Chukua chaki, chora makochi sakafuni kabla hujayanunua. Kochi la kawaida lina kina cha sentimita 90. Ukiyaweka mawili yakitazamana kwenye upana wa mita 3, inabaki mita 1.2 katikati. Weka meza ya sentimita 50, kila upande unabakiwa na sentimita 35. Mgeni atapita kiubavu akiinua magoti ya wenzake. Seti nzima ya makochi haikuumbwa kwa chumba hiki, hata muuzaji aseme nini.

Ninachowapangia watu ni kochi moja kwenye ukuta mrefu, na ng'ambo yake benchi la mbao lenye godoro jembamba, kina sentimita 55, kimo sentimita 45 pamoja na godoro. Seremala yeyote wa mtaani atalitengeneza. Badala ya meza kubwa, weka stuli mbili ndogo, kila mtu apate pa kuweka kikombe bila kunyoosha mgongo. Chini tandika zulia ambalo miguu ya mbele ya kochi inalikanyaga, au mkeka wa ukindu wa rangi, ambao kwa joto letu naupenda zaidi: haushiki vumbi na unaanikwa juani.

Foronya za mito shona kwa kitenge au kanga. Kanga moja inatoa mito mitatu ya sentimita 45, mbele na nyuma. Iloweke kwanza kwenye maji baridi, zile nyekundu hutoa rangi. Ipime ili ua la kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, liangukie katikati ya mto, na lisome jina la kanga kabla ya kukata, maana mkweo atalisoma.

Hatua ya 6: Ukutani, harufu, mlangoni

Ukutani weka vichache. Picha moja ya familia yenye ukubwa wa kuonekana ina maana kuliko fremu kumi za maua. Itundike katikati yake ikiwa kama mita 1.5 kutoka sakafuni, kwa drili na fisha, ile plagi ya plastiki inayoshika skrubu. Msumari wa zege hupasua plasta. Kioo kiweke ukuta ulio pembeni ya dirisha, kitasambaza mwanga.

Udi au ubani ufukize alasiri kabla wageni hawajafika, dirisha likiwa wazi, na chetezo kiwe mbali na pazia. Mkaa unaowaka usiuache kwenye chumba kilichofungwa. Ukiwa na kibaraza, panda asmini na mrehani kwenye vyungu. Maji yasisimame kwenye visahani vyake, mbu wa dengi huzaliana humo.

Mlangoni panahitaji vitu vitatu: rafu ya viatu, kizulia cha kujifutia miguu, na ndoano ya kutundikia mwavuli na baibui. Mgeni asiyejua aweke wapi viatu vyake anaanza kwa kuona haya.

Siku ya kuhama ikifika, ng'oa fisha, ziba matundu kwa puti, piga msasa, kisha chukua lile kopo ulilobakiza, likoroge vizuri, na uguse kila alama kwa brashi ndogo. Mwite mwenye nyumba aukague ukuta mkiwa pamoja, mchana, madirisha yakiwa wazi, kabla hujarudisha funguo.