Fuwele za protini zikikugomea, tatizo anza kulitafutia wapi

Mtu akilalamika kwamba protini yake haitoi fuwele, mimi siulizi katumia skrini gani (seti ya michanganyiko ya kemikali ya kujaribia), nauliza protini yenyewe ikoje. Wengi wakikosa fuwele wanakimbilia kuagiza skrini nyingine, halafu nyingine tena, huku jeli yao, kipimo cha usafi, ina mikanda mitatu badala ya mmoja, inaonekana wazi kabisa. Skrini haisafishi protini.

Kwa hiyo rudi kwenye jeli kwanza. Usafi wa asilimia 95 kwenda juu ndio watu wanaolenga, ila usafi peke yake hautoshi, protini inaweza ikawa mkanda mmoja safi kwenye jeli na kumbe ndani ya bafa imeshikana mafungumafungu. Ipitishe kwenye kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa uone kama kilele ni kimoja, chembamba na chenye pande sawa. Na jambo ambalo watu hawalifanyi: pima ile protini uliyoigandisha na kuiyeyusha, maana hiyo ndiyo inayoingia kwenye tone la kukuzia fuwele, siyo ile ya siku uliyoisafisha. Bafa nayo iwe hafifu, milimola 10 hadi 20 inatosha, ili pH ya kisima (mchanganyiko wa kemikali unaokaa karibu na tone ndani ya sahani) ndiyo itawale tone. Fosfeti kaa nayo mbali ukiweza, sababu utaiona mbele.

Sasa umeweka matone, tuseme kwa ukolezi wa miligramu 10 kwa mililita. Yasome yote kwa pamoja, usikodolee macho tone moja. Kama karibu yote yamebaki maangavu hata baada ya wiki, ongeza ukolezi, na kama karibu yote yamechafuka papo hapo, punguza. Ikiwa karibu nusu yana mashapo na nusu ni maangavu uko pazuri. Mashapo ya kahawia yaliyokaa kama ngozi mara nyingi ni protini iliyoharibika, lakini yale ya punjepunje usiyatupe kabisa, yanaweza kuwa fuwele ndogo mno na hizo ni mbegu tayari za kuanzishia fuwele nyingine.

Ukiona kitu chenye kingo kali usishangilie bado, inaweza kuwa chumvi. Fosfeti ikikutana na kalsiamu au magnesiamu hapo utapata fuwele nzuri kupita zote utakazowahi kuziona na hazina protini hata kidogo. Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni kuweka tone la pili lenye kila kitu isipokuwa protini, yaani bafa ileile na kisima kilekile, fuwele zikitokea na huko basi jibu umeshapata. Ukiwa na fuwele nyingi toboa moja kwa sindano: ya protini ni laini, inasambaratika kirahisi, ya chumvi ni ngumu na unaisikia inapasuka. Rangi ya methilini bluu huingia kwenye fuwele za protini kwa sababu zina mifereji ya maji ndani, japo siyo zote zinakubali. Mwanga wa UV nao unasaidia lakini unategemea triptofani, protini isiyo nayo haitang'aa, kwa hiyo giza siyo ushahidi wa chumvi. Na hadubini ya polaroidi isikudanganye kwenye sahani za plastiki, plastiki yenyewe inacheza na mwanga.

Tatizo jingine la kila siku ni mvua ya fuwele, tone limejaa vipunje mia na hakuna hata kimoja cha kupigia eksirei. Hapo maana yake vianzio ni vingi mno: punguza kitulizi (kemikali inayosukuma protini itoke kwenye maji, kama PEG au chumvi), punguza protini, badili joto, au funika kisima kwa mafuta kidogo ili maji yatoke polepole. Kama hayo hayakusaidia chukua zile zilizopo, zisage, zizimue mara kadhaa kwa kutumia maji ya kisima, halafu ziingize kama mbegu kwenye matone yenye kitulizi kidogo kuliko pale zilipozaliwa. Mbegu hizohizo uzitawanye pia kwenye skrini nzima, unaweza kukuta hali tofauti kabisa inayotoa fuwele bora, na binafsi hii ndiyo njia ningejaribu kabla ya kitu kingine chochote.

Fuwele ilitoka kwa roboti halafu ukiiweka kwa mkono haitoki? Tone la nanolita 200 na tone la mikrolita 2 hayakauki kwa kasi moja, kwa hiyo hali haiwi ileile hata kama namba ulizoandika zinafanana. Angalia pia PEG yako ina umri gani, ikizeeka inabadilika na pH inahama. Sababu nyingine inasahaulika sana: protini imekatwa na protiezi wakati imekaa kwenye tone, na kilichotoa fuwele ni kipande tu. Osha fuwele chache, ziyeyushe, zipitishe kwenye jeli. Zikionekana fupi kuliko protini yako, umepewa jibu bure, kata jeni hapohapo uanze upya na kipande hicho.

Tukija kwenye kugandisha fuwele kwa nitrojeni ya maji kabla ya eksirei, hapa ndipo fuwele nyingi nzuri zinafia. Kabla hujasema fuwele ni mbovu, ipige eksirei kwenye joto la kawaida. Ikitoa madoa mazuri (alama za miale iliyotawanywa na fuwele) hapo na mabaya baada ya nitrojeni, basi fuwele haina kosa, kosa liko kwenye namna unavyoigandisha. Pete nene za barafu karibu na angstromu 3.9, 3.67 na 3.44 zinakwambia kinga (kitu cha kuzuia barafu) haitoshi. Kinga itengeneze kwa kuweka glisero kwenye nafasi ya maji, kila kitu kingine kikibaki kwenye ukolezi wake, wengi wanachukua maji ya kisima wanamwagia glisero asilimia 25 juu yake, kitulizi kinapungua na fuwele inaanza kuyeyuka. Ijaribu kwanza kwenye kitanzi cha kushikia fuwele kikiwa kitupu: ikiganda ikiwa angavu kama kioo sawa, ikiwa na ukungu ongeza. Fuwele ikipasuka ukiihamisha, panda kwa hatua ndogondogo za asilimia 5, au badili kinga, ethilini glikoli mara nyingine inavumilika zaidi. Kitanzi kilingane na fuwele, maji mengi pembeni ni barafu ya bure.

Data nazo, fungua picha uzitazame kwa macho. Programu ikishindwa kupata seli (kisanduku kidogo kinachojirudia ndani ya fuwele), kagua kwanza kitovu cha miale na umbali wa ditekta, halafu uone kama kuna madoa ya fuwele mbili zilizopandana. Kwa fuwele pacha angalia takwimu za ukali wa madoa: wastani wa mraba wa ukali ukigawanywa kwa mraba wa wastani wake uko karibu na 2.0 kwa fuwele ya kawaida, na unashuka kuelekea 1.5 kwa pacha kamili. Kukata data dhaifu kwa kuangalia Rmerge pekee (kipimo cha tofauti kati ya vipimo vya doa moja) achana nako, tangu 2012 tuna CC1/2, ulinganifu wa nusu mbili za data, na inatosha.

Fezi (taarifa ya miale ambayo picha haioneshi) zikigoma na unatumia modeli ya AlphaFold, yaani umbo la protini lililokisiwa na kompyuta, ondoa sehemu zenye pLDDT, alama ya uhakika wa modeli, chini ya 70 na utenganishe domeni, moja moja. Kumbuka pLDDT inakaa kwenye safu ya B (inayopima kuyumba kwa atomu) wakati maana yake ni kinyume, kubwa ni nzuri, kwa hiyo ibadilishe kabla hujaipa programu ya Phaser. Jaribu na makundi ya ulinganifu yanayoakisiana kama kwenye kioo, P41 na P43 huwezi kuyatofautisha kwa madoa tu. TFZ, alama ambayo Phaser inalipa jibu lake, ikivuka 8 kwa kawaida umepata.

Na kama hakuna kinachokubali kabisa, tafuta vipimo vya seli ya fuwele yako kwenye PDB, benki ya maumbo ya protini. Ukiwa umetumia kolamu ya nikeli na E. coli, AcrB, protini ya E. coli yenyewe, inashika kolamu hiyo na inatoa fuwele hata ikiwa kidogo sana kwenye sampuli, na ukikuta seli inafanana nayo, rudi ukasafishe upya.