Kabla hujainamia hadubini: jiulize seli yako iwe hai au imekufa

Watu wengi huanza kwa kuuliza hadubini ipi inakuza zaidi. Mimi ningeanza na ukubwa wa kitu chenyewe. Hadubini ya kawaida ya mwanga, hata iwe nzuri vipi, haitenganishi vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8 (maikromita moja ni nanomita 1,000), kwa hiyo utaiona bila taabu. Ribosomu, chembe ndogo sana inayotengeneza protini ndani ya seli, hutaiona hata ukikodoa macho mpaka Isha. Ukizidi kukuza, unachokuza ni ukungu.

Ukishajua ukubwa, amua kama seli ibaki hai. Rangi nyingi za maabara huiua au huibadilisha. Ukitaka kuiona ikitambaa au ikigawanyika, usiipake kitu. Tafuta hadubini ya fezi, iliyomletea Mholanzi Frits Zernike Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Hiyo hugeuza ucheleweshaji mdogo wa mwanga unaopita ndani ya seli kuwa giza na nuru ambavyo jicho linaviona.

Kwa walio wengi huku kwetu, hata hivyo, kazi ni slaidi ya damu ya malaria, ile wagonjwa wanayoiita BS, na hapo maandalizi ndiyo kila kitu. Slaidi iwe safi, isiyo na alama za vidole wala mafuta. Tone nene na tandazo jembamba havitendewi sawa: jembamba hukazwa kwa methanoli ili chembe zibaki na umbo lake, upate kutambua aina ya kimelea. Nene haliguswi na methanoli kabisa, kwa sababu maji ya rangi ya Giemsa yanatakiwa yapasue chembe nyekundu, vimelea vibaki wazi. Methanoli ikilichuruzikia tone nene, umeliharibu. Pima pia maji ya kuchanganyia rangi. Yanatakiwa kuwa na pH 7.2, la sivyo utakesha ukitafuta kiini chekundu cha kimelea ambacho hakikushika rangi.

Lenzi ya 100 inahitaji tone la mafuta maalumu, kwani mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda na kupotea. Anza na lenzi ndogo, uipate picha, ndipo utie mafuta. Ukishatia, usirudi kwenye lenzi ya 40! Hiyo ni kavu, na ndiyo inayochafuliwa kila siku na wanafunzi wenye haraka.

Hadubini za mwangaza wa rangi (fluorescence), ambamo rangi yenyewe hung'aa ikimulikwa, na zinazotumika pia kutafuta bakteria wa kifua kikuu kwa rangi ya auramini, zinataka chumba chenye giza na mkono mwepesi: rangi hufifia kadiri unavyoimulika. Piga picha kwanza, shangaa baadaye.

Hadubini ya elektroni, iliyobuniwa na Ernst Ruska na Max Knoll huko Berlin mwaka 1931, ni habari nyingine. Ndani yake hakuna hewa, kwa hiyo seli iliyo hai na majimaji yake haiwezi kuwekwa hivi hivi. Kwa kawaida hukazwa kwa kemikali, hukamuliwa maji kwa alkoholi, huzamishwa kwenye utomvu mgumu, kisha hukatwa vipande vya nanomita 60 hadi 90. Ukitaka sura ya nje tu, hupakwa dhahabu kidogo. Panga siku kadhaa, na usitarajie rangi; zile unazoziona vitabuni zimetiwa kwa kompyuta.

Mwisho, kwa walioko Tanga, Mombasa na pwani yote: unyevu huotesha kuvu kwenye lenzi. Futa mafuta kwa karatasi ya lenzi, si kwa kanga wala pamba, na kabati la hadubini liwe na balbu ndogo inayowaka au vifuko vya kukaushia vinavyobadilishwa.