Unataka gitaa la umeme jipya na la maana? Anza na shingo, rangi baadae

Watu wengi wakishapata hela ya gitaa zuri, yani sio la kujifunzia tena, la kukaa nalo miaka, kitu cha kwanza wanachoangalia ni rangi na jina lililoandikwa pale kichwani. Nawaelewa kabisa. Mimi gitaa langu la kwanza la hela nyingi nililipenda kwa macho, lilikua jekundu linang'aa, nikalipiga dakika tano nimekaa, nikalipa nikaondoka nalo. Miezi miwili haikuisha mkono wa kushoto ukaanza kuuma kila nikipiga zaidi ya nusu saa, shingo ilikua nene kuliko kiganja changu kinavyotaka, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Nikaliuza kwa hasara na iliniuma sana.

Ndo mana nasema anza na shingo. Pikapu, vile vidude vinavyonasa mtetemo wa nyuzi, zikikuchosha unabadilisha, funguo za kutyunia unabadilisha, nobu za volyumu na toni ni kitu kidogo tu, hata bridji, kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini, inabadilika. Ila shingo ndo umeinunua. Kuna magitaa shingo imefungwa kwa skrubu, kama za kampuni ya Fender nyingi, hizo unaweza kutafuta shingo nyingine, lakini shingo nzuri peke yake ni hela ya maana na bado inataka fundi anayejua kuikalisha. Zile zilizogundishwa, kama Gibson Les Paul, hapo ndo umefunga nayo ndoa.

Sasa unaichunguzaje. Shika gitaa, usipige kitu kwanza, pitisha kiganja nyuma ya shingo kutoka freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya kwanza mpaka ya 12 ukisikiliza mkono unasema nini. Shingo zina maumbo, kuna ya herufi C ambayo ni ya mviringo wa wastani, kuna ya D iliyo bapa kidogo nyuma, kuna ya U iliyojaa kama nusu ya mti wa jembe, kuna ya V yenye mgongo katikati. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Mtu mwenye vidole virefu anayeshika kodi (note kadhaa kwa pamoja) kwa kupitisha dole gumba juu anaweza kupenda iliyojaa, mwingine anayeweka dole gumba nyuma ya shingo akaona bora iliyo nyembamba. Angalia na rangi ya nyuma ya shingo, ile ya kung'aa sana kiganja kikitoka jasho inanata, isiyong'aa inateleza vizuri zaidi, hiyo ni kwangu mimi, wapo wanaopenda kinyume.

Alafu kuna urefu wa uzi, kutoka pale nyuzi zinapotoka kichwani mpaka kwenye bridji, na watu hawalizungumzi vya kutosha. Fender nyingi ni inchi 25.5, sawa na milimita 648 hivi, Gibson nyingi ni karibu inchi 24.75, kampuni ya PRS nao wengi wamekaa katikati kwenye inchi 25. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo, ila mkononi unaisikia: urefu ukiongezeka, kwa nyuzi zile zile na tyuni ile ile, uzi unakaza zaidi na freti zinaachana zaidi. Kwahiyo kama unavuta sana nyuzi kwenye solo na vidole vinachoka, gitaa fupi litakupa nafuu, na kama unatyuni chini kwa muziki mzito basi refu litakusaidia nyuzi zisilegee zikawa kama kamba ya kuanikia nguo.

Na mkunjo wa fingabodi, yani uso wa shingo unapobonyezea nyuzi. Fingabodi sio bapa, imejikunja kama kipande cha pipa. Fender za mtindo wa zamani mkunjo wake ni inchi 7.25, za sasa nyingi ni 9.5, Gibson ni 12, na yale ya watu wa kasi kama Ibanez mengi yanazidi 15. Namba ikiwa kubwa fingabodi inakua bapa zaidi. Mkunjo mkali unapendeza kwa kodi, ila ukivuta uzi wa kwanza juu kule freti ya 13 au 15 na nyuzi zimeshushwa chini, sauti inakatika katikati kwasababu uzi unagusa freti za mbele. Jaribu hapo hapo dukani: vuta uzi wa kwanza na wa pili mpaka sauti ipande toni nzima, kuanzia freti ya 10 kupanda, usikie kama note inaimba mpaka mwisho au inakufa.

Tukija kwenye freti zenyewe, hapa ndo gitaa la hela nyingi linapaswa kujionyesha. Pitisha kidole pembeni ya shingo, juu na chini, ncha za freti zisikukwaruze. Zikikukwaruza inaweza kua mbao imekauka ikasinyaa na chuma kikabaki kimetokeza, fundi anaweza kupiga tupa, ila kwa gitaa jipya la bei hiyo sioni kwanini ukubali. Alafu piga kila uzi kwenye kila freti, ndio, kila moja, inachukua dakika chache tu na usione aibu mbele ya muuzaji, kwasababu utakuta note moja inakufa mapema kuliko wenzake au kuna sehemu inatoa mlio wa zzz. Mlio huo ukiwa kote inaweza kua nyuzi zimeshushwa sana tu, ila ikiwa ni freti moja peke yake basi freti haijakaa sawa. Siku hizi kuna freti za chuma cha pua, zinadumu sana na kuvuta uzi kunateleza, kama unapiga kila siku ongeza hela uzichukue.

Unyookaji wa shingo unaupima hivi: bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha angalia karibu na freti ya 7, kati ya uzi na freti. Kunatakiwa nafasi ndogo sana, kama unene wa kadi ya biashara ile ya karatasi. Ikiwa kadi ya benki inapita bila shida basi shingo imejikunja kupita kiasi, na ikiwa hakuna nafasi kabisa huenda imejikunja kwenda nyuma. Hilo lenyewe sio kosa la kulikataa gitaa, ndani ya shingo kuna chuma cha kurekebishia, mafundi wanakiita trasrodi, mwambie muuzaji airekebishe mbele yako. Akishindwa au chuma kimeshafika mwisho wake, acha. Na shingo iliyojisokota, yani upande mmoja unapanda mwingine unashuka, hiyo usibishane nayo, rudisha.

Yote hayo unafanya bila kuchomeka waya, na naomba hapa watu wanielewe vizuri. Gitaa la umeme pigeni kwanza kavu. Piga kodi ya E iache ilie, weka sikio kwenye mbao, au gusa mwili kwa tumbo usikie mtetemo. Wanaobishana kuhusu mbao, mara alda mara mahogani, watabishana mpaka kesho, mimi najua tu kwamba gitaa linalolia kwa muda mrefu na kwa usawa likiwa kavu mara nyingi halinisumbui kwenye ampu, yani spika ya kukuzia sauti, na lililokufa likiwa kavu ampu haijawahi kulifufua. Na magitaa mawili ya modeli moja, rangi moja, yanaweza kutofautiana kabisa, mbao ni mti na kila mti na mambo yake, kwahiyo kama yapo matatu pigeni yote matatu.

Uzito sasa. Omba mkanda, simama nalo dakika 20. Les Paul ya kawaida inaweza kufika kilo 4 na zaidi, Strat (Stratocaster ya Fender) nyingi ziko karibu na kilo 3.5, na hiyo tofauti ya nusu kilo bega linaijua kwenye shoo ya masaa matatu. Achia mikono pia uone kama kichwa kinashuka chini, SG za Gibson zina sifa hiyo, mwili mwepesi na shingo ndefu, ukiachia inaanguka na mkono wa kushoto unabaki unabeba shingo badala ya kupiga.

Haya, chomeka. Tumia ampu inayofanana na utakayotumia nyumbani, sauti safi kwanza, bila efekti (vifaa vya kubadili sauti) hata moja, mana efekti zinaficha mengi. Magitaa karibu yote unayoyaona ni watoto wa miundo michache: Telecaster iliyopata jina hilo 1951, Les Paul ya 1952, Stratocaster ya 1954, alafu ile ES-335 ya Gibson ya 1958 yenye uwazi ndani. Pikapu za koili moja, za Fender, zina sauti kali safi inayokata, ila zinavuma zikiwa karibu na taa au transfoma. Hamubaka, pikapu ya aina nyingine, ilitengenezwa na Seth Lover pale Gibson mwaka 1955, ina koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo ujifute, na sauti yake inakua nene na kubwa zaidi. Kama unapiga aina nyingi za muziki, chukua lenye hamubaka upande wa bridji na koili moja katikati na upande wa shingo, au hamubaka inayoweza kugawanywa kwa kuvuta nobu, ingawa ukweli ni kwamba ikigawanywa haifiki kua Strat halisi.

Zungusha kila nobu taratibu, ikisikika krakra kwenye gitaa jipya hiyo ni uvivu wa kiwandani. Badili swichi nafasi zote. Tikisa waya pale kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea, usikie kama sauti inakatika.

Kuhusu bridji nitakua mfupi: kama hutumii kile chuma cha kutetemesha sauti, chukua bridji iliyosimama, isiyocheza, inatulia kwenye tyuni na kubadili nyuzi ni rahisi. Floyd Rose, aina ya bridji inayocheza, ni nzuri kweli kweli kwa anayeihitaji, lakini ukikata uzi mmoja katikati ya wimbo zote zinapoteza tyuni.

Kingine ni kale kakipande keupe au keusi ambako nyuzi zinapita kabla ya kuingia kichwani. Tyuni gitaa, vuta kila uzi kwa nguvu mara tano, angalia tena kwenye tyuna. Ukisikia "ting" wakati unatyuni, hasa uzi wa tatu, ni mifereji yake inabana, jambo dogo kwa fundi, ila watu wanalaumu funguo wanaenda kununua mpya bure. Alafu linganisha hamoniki (mlio wa kugusa uzi bila kuubonyeza) ya freti ya 12 na note ukibonyeza hapo hapo, zikitofautiana gitaa halijasetiwa.

Ukinunua mtandaoni bila kulishika, omba picha ya gitaa lile lile litakalotumwa na sio picha ya kwenye katalogi, uliza uzito wake, na soma masharti ya kurudisha kabla hujalipa. Namba yake ya utambulisho (serial number) ihakiki kwa watengenezaji, feki zipo nyingi. Kwa Gibson angalia kile kifuniko kidogo kichwani, cha kweli kinafungwa skrubu mbili, feki nyingi zina tatu. Likifika na limesafiri kutoka kwenye baridi, liache ndani ya kesi masaa kadhaa lizoee joto la chumba, rangi inaweza kupasuka ukilifungua haraka.

Usimalize hela yote kwenye gitaa. Bakiza ya ampu nzuri, kwasababu gitaa zuri kwenye ampu mbovu ni ampu mbovu tu, na bakiza ya fundi. Wiki ya kwanza weka nyuzi unazozitumia wewe, unene wa 9 au 10, peleka lisetiwe kwa mkono wako, nyuzi ziwe milimita 1.5 mpaka 2 hivi juu ya freti ya 12. Alafu baada ya miezi miwili mitatu lirudishe fundi aangalie shingo tena, mbao mpya bado inatulia.