Kusimamia mkataba wa umma baada ya saini: mwongozo kwa meneja wa mkataba wa halmashauri

Tangu NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, uanze kutumika nchini Tanzania mwaka 2023, ukichukua nafasi ya mfumo wa awali wa TANePS, hatua za kutangaza zabuni, kuzitathmini na kutoa tuzo zimekuwa rahisi kufuatilia, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 imeyapa mabadiliko hayo nguvu. Hata hivyo, taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeendelea kuibua hoja zinazohusu yale yanayotokea baada ya saini: kazi kuchelewa, dhamana kuisha muda na riba kulipwa kwa sababu ya madai kukaa bila kulipwa. Kwa maoni yangu, tunamaliza nguvu katika kumpata mkandarasi, kisha mkataba wenyewe tunaufungia kabatini.

Ukiteuliwa kuwa meneja wa mkataba, anza kwa kuusoma wote, ukizingatia masharti maalumu, kwa kuwa ndiyo hufuatwa yanapotofautiana na masharti ya jumla. Andika katika kalenda moja tarehe ya kukabidhi eneo la mradi, tarehe ya kukamilisha kazi na tarehe za ukomo wa bima, dhamana ya utekelezaji na dhamana ya malipo ya awali. Iandikie benki iliyotoa dhamana ili ithibitishe kuwa ni halali, na udai iongezewe muda walau mwezi mmoja kabla ya ukomo, kwa sababu ikishaisha, halmashauri haina tena pa kushika mkandarasi akitelekeza kazi.

Malipo ndiyo eneo linaloumiza zaidi. Mikataba mingi ya ujenzi hutoa siku 28 za kulipa baada ya kazi kuthibitishwa, na siku hizo hazisubiri fedha zitoke Hazina. Huwezi kuharakisha fedha hizo, lakini unaweza kuhakikisha kwamba ucheleweshaji hautokei mezani kwako. Pima kazi pamoja na mkandarasi eneo la mradi, nyote mtie saini karatasi za vipimo na kuambatanisha picha, ili hati ya madai ikifika pasiwe na mabishano ya kiasi. Kabla ya kuruhusu hatua kubwa inayofuata, mwombe mweka hazina athibitishe kwa maandishi kwamba fedha ipo. Mkandarasi mdogo asiyelipwa kwa miezi hushindwa kuwalipa vibarua wake, na kazi husimama hata kama ana nia njema.

Usikubali mabadiliko ya kazi yanayotolewa kwa mdomo. Kiongozi akitembelea mradi na kuagiza chumba kiongezwe, pokea maelekezo hayo kwa heshima, yaandike, kadiria gharama na muda wake, kisha uyapeleke kwa afisa masuuli, yaani mkurugenzi wa halmashauri, ili kibali kipatikane kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Maombi ya kuongeza muda nayo yashughulikiwe kabla tarehe ya kukamilisha haijapita, na sababu zake zipimwe kwa kumbukumbu za mvua, za vifaa na za malipo. Pasipo sababu halali, tozo ya ucheleweshaji itumike kama ilivyoandikwa. Tuseme mkataba ni wa shilingi milioni 600 na tozo ni asilimia 0.1 kwa siku: siku 40 za kuchelewa ni shilingi milioni 24, na kuzisamehe kimyakimya ni kuacha fedha ya wananchi.

Jengo likishapokelewa, kazi yako bado inaendelea katika kipindi cha uangalizi wa kasoro. Litembelee wakati wa mvua ukiwa na mganga mfawidhi au mwalimu mkuu anayelitumia, orodhesha kasoro na uzifikishe kwa mkandarasi kwa barua kabla kipindi hicho hakijaisha. Fedha iliyozuiliwa kutoka katika malipo ya mkandarasi iachiliwe baada ya kurudi na kuona kwa macho yako kwamba kasoro hizo zimerekebishwa.